Sindano ikimchoma sista, nani anamtibu?

Mhariri, salamu nyingi kutoka huku milimani Kasese, Uganda, karibu na mpaka wa Congo. Mimi ni muuguzi na mkunga kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu, mwaka wa tisa sasa. Naomba nafasi kwenye gazeti lenu manake sisi wauguzi tukiandikwa ni habari za mgomo ama mshahara, na leo sitaki kuongea mshahara, nataka kuongea juu ya mwili wa huyu sista mwenyewe.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Jumapili, kama saa nane hivi, waliniletea mama mmoja kwa machela ya miti, wanaume wanne wamembeba kutoka kule juu ambako hata bodaboda haifiki, mvua imewanyeshea wote. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, lakini alichanika vibaya na damu ikawa haikatiki. Betri ya sola ilikuwa imekufa tangu wiki ile. Wifi yake ndo alinishikia tochi ya simu, na yule binti hajazoea damu, kila sindano ikiingia anageuza uso na mwanga unageuka naye. Nikajichoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, nikaona damu yangu inatandaa chini ya glavu. Niliendelea kushona. Ningefanya nini, usiku niko peke yangu, nimwache mama anavuja nikatafute maji na sabuni? Nilinawa baada ya kumaliza, nikakaa kwenye benchi pale nje, miguu inatetemeka.

Kitu chenyewe kinajulikana. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu unatakiwa unawe kwa maji na sabuni bila kuminya kidole, mgonjwa apimwe kama anakubali, na wewe uanze dawa za kuzuia Ukimwi, zile za PEP, kabla ya masaa 72, na kila saa inayopita kinga inapungua. Unameza siku 28. Sasa kwetu dawa zipo, tunawapa wasichana waliobakwa, nimewapa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini usiku ule zilikuwa kwenye kabati na funguo ameenda nazo mwenzetu kwenye semina, simu yake haipatikani. Mama hakutaka kupimwa, na ni haki yake, nilimwacha. Jumapili kule chini ya mlima wanakotoa dawa hakukuwa na mtu wa kunihudumia. Nikaanza dawa Jumatatu mchana, masaa 34 yameshapita, na bodaboda ya kunishusha nililipa mwenyewe.

Na hapo ndo shida nyingine ilianza, ambayo watu wa mjini hawaifikirii. Kwenye ile foleni ya dawa za Ukimwi nilikutana na mama wa kijiji chetu. Hakusema kitu, alinisalimia vizuri tu, lakini kufika Ijumaa wamama kwenye kliniki ya wajawazito walikuwa wananiangalia mikono, na mama mkwe wangu akaniita pembeni akaniuliza, mwanangu, ni kweli haya tunayosikia? Mume wangu nilikuwa nimemwambia usiku uleule, namshukuru Mungu, lakini najua wenzangu ambao hawakwenda kuchukua dawa kabisa kwa kuogopa hiyo foleni, wakanyamaza na kuomba. Mtu anayefanya kazi kijiji kimoja na anakoishi hana pa kujificha. Siku zile 28 nilifanya kazi kila siku nikiwa na kichefuchefu, nazalisha, natoka nje natapika, narudi. Majibu yangu yalitoka mazuri.

Ila Ukimwi ndo tunauogopa, na unaotukaribia zaidi ni homa ya ini B. Kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye Ukimwi hatari ni kama watu 3 kwa 1,000, lakini homa ya ini B kama hujachanjwa inaweza kufika hata 30 kwa 100, na kile kirusi kinaishi kwenye damu iliyokauka juu ya meza siku saba. Chanjo ipo, ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Mimi nilichanjwa moja, nikaambiwa nirudi baada ya mwezi, niliporudi imeisha. Muuguzi anayechanja watoto wa sabukaunti nzima yeye mwenyewe ana dozi moja!

Ebola ikija tunakumbukwa. Mwaka 2019 ilipovuka mpaka hapa Bwera tulipata magauni, miwani, mabuti, mafunzo, yote. Na ni haki, manake Dkt Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor kule Gulu alikufa kwa Ebola Desemba 2000 baada ya kumhudumia muuguzi wake aliyekuwa mgonjwa, na Januari 2025 mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa kule Kampala alikuwa muuguzi pia. Lakini Ebola inaisha na vifaa vinaisha nayo, halafu tunarudi kwenye tochi ya simu.

Mgongo sitauongelea sana, kila mkunga wa huku anaujua, unainua wamama peke yako mpaka siku moja kuinama kufunga viatu inakuwa kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inasema mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bure, na mimi sioni kwa nini huku mlimani isifike. Ninachoomba wenye mamlaka ni vitu vinavyowezekana: chanjo ya homa ya ini dozi zote tatu kabla mtu hajapelekwa kijijini, funguo za PEP zibaki kituoni usiku na mchana, sista akichomwa ahudumiwe kwa siri kituo kingine na nauli alipiwe, na zamu ya usiku wawe wawili, hata huyo wa pili awe wa kushika taa tu.

Mimi nilinunua daftari, nikaandika tarehe, saa, kidole gani, kazi gani nilikuwa nafanya, manake kituoni hakuna mahali pa kuandika mfanyakazi akiumia. Nikawaambia wenzangu nao waandike, bila jina kama wanaogopa. Mpaka leo tumeandika mara sita, na kituo chetu kina wauguzi watano tu. Daftari liko kwenye droo ya chumba cha kuzalishia, wakubwa wakitaka kuliona waje wakati wowote.

Sista wa Kasese