Mwanangu, mnapomtuza kijana mkimbizi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia umeingia kwenye kamati ya kuchagua vijana wakimbizi watakaotuzwa kwa miradi yao. Umeniuliza mtumie vigezo gani. Nimelifikiria swali lako, na jambo kubwa nililonalo ni hili: ituzeni kazi, msiyatuze machungu.

Fomu za namna hii nazijua. Swali la kwanza linamtaka kijana aeleze alivyokimbia kwao, alimpoteza nani, alilala wapi njiani. Kazi anayoifanya inaulizwa mwishoni, kwenye mistari mitatu. Basi anashinda anayejua kusimulia msiba, na aliyekataa kuuanika msiba wake mbele ya watu asiowafahamu anaachwa. Mtu ana haki ya kunyamaza kuhusu usiku alioondoka kwao. Maswali hayo yafuteni kabisa.

Mwangalie Abdullahi Mire. Ni Msomali aliyekulia katika kambi za Dadaab, Kenya, akapata bahati ya kuhamia Norway, kisha akarudi kuwatumikia wenzake. Msichana mmoja kambini alimwomba amtafutie kitabu cha biolojia, kwa kuwa alitaka kuwa daktari. Ombi dogo kama hilo wengi wangelijibu kwa kitabu kimoja na pole nyingi. Mire alianza kuwaomba watu vitabu, akaendelea kuomba, hadi vikafika 100,000 mikononi mwa watoto na maktaba zikafunguliwa kambini. Mwaka 2023 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilimpa Tuzo ya Nansen. Hata usipotaja neno lolote kuhusu ukimbizi wake, kazi hiyo bado inasimama yenyewe. Mkipata ya namna hiyo, msisite.

Ila wengine hawataleta fomu. Muzoon Almellehan alitoka Syria akiwa na miaka 14, akiwa amebeba vitabu vyake vya shule. Huko Jordan, katika kambi za Zaatari na Azraq, alipita hema kwa hema akiwasihi wazazi wasiwaoze mabinti zao mapema, wawaache wasome. Hebu fikiria binti wa umri huo ameketi mbele ya watu wazima walioamini kabisa kwamba ndoa ndiyo itakayomlinda mtoto wao! Hakuwa na ofisi, hakuwa na nembo, na wala hakuwa na ripoti ya kumpelekea mfadhili. UNICEF ilimteua kuwa balozi wake mwema mwaka 2017, mtu wa kwanza mwenye hadhi rasmi ya ukimbizi kupewa wadhifa huo. Kabla ya hapo alikuwa ameshawashawishi wazazi kwa miaka. Binti kama huyo mtamfuata alipo. Waulizeni kina mama ni nani watoto wao wanamsikiliza, waulizeni walimu, waulizeni wanaopanga foleni ya mgao. Na anayetaka kujieleza kwa Kiswahili, kwa sauti aliyojirekodi kwenye simu, mpokeeni sawa na aliyeandika Kiingereza kizuri.

Kingine kinachonisumbua ni hii tabia ya kumpandisha jukwaani mtu mmoja. Huko Kyangwali, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mwaka 2005, vijana wakimbizi walianzisha kikundi kiitwacho COBURWAS ili wasomeshane wao kwa wao. Joseph Munyambanza, aliyetoka Kongo akiwa mtoto, alikuwa na miaka 14 walipoanza. Jina lake ndilo lililosikika zaidi duniani, lakini shule na bweni havikujengwa na mtu mmoja. Katika kikundi chochote yupo anayetunza daftari la fedha, yupo anayekwenda kuongea na mzazi mkaidi jioni, yupo anayefundisha siku ambayo wengine wote wameugua. Kama kanuni zenu zinaruhusu mshindi mmoja tu, zibadilisheni ili kikundi nacho kiweze kushinda.

Halafu fedha. Kabla ya kutangaza kitu, mjue zitamfikiaje. Vikundi vingi vya vijana wakimbizi havijasajiliwa, na kufungua akaunti ya benki kwa kitambulisho cha mkimbizi ni kazi nzito katika nchi nyingi. Hapo ndipo shirika kubwa hujitolea kupokea kwa niaba yao, na baada ya mwaka mradi unakuwa na nembo ya shirika huku mwanzilishi akiitwa mtu wa kujitolea. Jambo hilo linaniuma. Pakiwa na lazima ya kupitia shirika, iandikwe wazi nani anaamua fedha zitumikeje, na vijana wenyewe watie sahihi.

Picha pia. Kuna waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta, na kuna waliowaacha ndugu nyuma. Kijana akisema hataki sura yake ionekane, apewe heshima yake bila picha, na asishushwe daraja kwa hilo. Aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi wake aulizwe, na yeye mwenyewe aulizwe.

Nimalizie na hati za kusafiria, kwa sababu najua mnapenda sherehe. Fridtjof Nansen, ambaye tuzo ya UNHCR imebeba jina lake, alikuwa Kamishna Mkuu wa kwanza wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, lile lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na mwaka 1922 alianzisha pasipoti iliyowawezesha watu waliopoteza uraia wao kuvuka mipaka. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 28, nao unazitaka nchi ziwape hati ya kusafiria wakimbizi wanaoishi humo kihalali. Pamoja na hayo, kijana anaweza kualikwa kupokea tuzo yake mwenyewe na akashindwa kutoka, ama hati haijatolewa, ama visa imekataliwa, ama hata kibali cha kuvuka lango la kambi hakijapatikana. Ukumbi unapiga makofi, yeye anatazama kwenye simu.

Kwa hiyo msipange tarehe kwanza. Washindi wakishapatikana, ulizeni kila mmoja ana hati gani na anahitaji muda gani. Kama hawezi kutoka, nyinyi nendeni alipo, mkamkabidhi mbele ya watu anaowahudumia. Na ile fomu mpya ikiwa tayari, nitumie niisome kabla hamjaitoa.

Nakupenda.
Mama yako