Pimeni mchele kabla haujaingia sufuriani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi hapa Moshi watu wengi wanahesabu kalori, wamenunua mizani ya jikoni na programu kwenye simu, ila wanapima wali kwenye sahani alafu wanaandika hesabu ya mchele mkavu. Jamani hapana! Mchele mkavu gramu 100 una kalori kama 360, ukiiva unakuwa umekunywa maji mpaka unakaribia gramu 300, kwahiyo gramu 100 za wali ni kalori 130 hivi. Ukichanganya hapo unajiandikia karibu mara tatu na unalala njaa bure.

Nyama ni kinyume chake, motoni inatoa maji, kilo uliyotoka nayo buchani inaweza kubaki robo tatu, ukiipima imeiva ukaandika kama mbichi unakuwa umekula zaidi ya ulichoandika.

Mimi nashauri pimeni mbichi, na kama ni sufuria la familia, tuseme machalari, pima ndizi zikishamenywa, nyama, na mafuta usiyasahau maana kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120, jumlisha zote, chakula kikiiva pima sufuria zima utoe uzito wa sufuria tupu uliopima mwanzo, alafu sahani yako ikiwa robo ya chakula basi kalori zako ni robo. Basi.

Na nyie gazetini mkiandika kalori kwenye kurasa za afya, semeni ni kibichi au kimeiva, tunawaomba sana.

Msomaji wenu, Moshi