Barua ya malalamiko: Seva ya faili inayorudisha majina ya zamani

Kiwanda cha Uchapishaji,
Eneo la Viwandani,
Nairobi.

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Kwa Bw./Bi.,

KUH: HERUFI ZA MAJINA YA FAILI KATIKA FOLDA YA PAMOJA

Ninaandika kuhusu seva ya faili mliyotuuzia na kutufungia. Mfanyakazi aliye kwenye kompyuta ya Windows akibadilisha jina la faili kutoka "kadi_harusi.pdf" kuwa "Kadi_Harusi.pdf", jina jipya huonekana papo hapo bila onyo lolote, lakini akiifungua folda upya, au mwenzake akiitazama kutoka meza nyingine, herufi ndogo huwa zimerudi. Afadhali ingekataa waziwazi.

Fundi wenu alitujibu kwa simu kwamba Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na kwa hiyo hakuna kasoro. Jibu hilo halitoshi. Ni kweli kwamba kwa kawaida Windows huyachukua majina hayo kuwa jina moja, lakini huhifadhi herufi jinsi zilivyoandikwa, na badiliko hilo hilo likifanywa kwenye diski ya kompyuta yenyewe hudumu. Seva yenu inatumia mfumo endeshi wa Linux, ambao kwa kawaida huyahesabu kuwa majina mawili, na Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kutumia faili za seva hiyo, ndiyo mkalimani kati yao. Ninaamini kasoro iko hapo: ikiombwa jina jipya hulikuta la zamani, ikalichukua kuwa lilo hilo, na kuliacha. Tukiipa faili kwanza jina la muda, mathalani "x.pdf", kisha tukaipa jina tunalotaka, jina hilo hukaa. Hatukununua seva ili kila kazi ifanywe mara mbili.

Hasara tunaipata kwenye tovuti ya sampuli zetu, ambayo iko kwenye seva ya Linux inayotofautisha herufi: viungo vimeandikwa kwa herufi kubwa, faili zinapakiwa zikiwa na herufi ndogo, na mteja anayetaka kuona kadi anakutana na hitilafu ya 404, yaani faili haikupatikana.

Ninaomba mtume fundi akague toleo la Samba na mipangilio yake inayohusu herufi, kisha ajaribu badiliko hilo mbele yetu kwa kutumia kompyuta mbili, kwa sababu kompyuta iliyobadilisha jina huendelea kuonyesha jina jipya kwa muda na inaweza kumdanganya. Kasoro isipoondolewa, tutaomba seva ibadilishwe chini ya dhamana mliyotupa, au turudishiwe fedha zetu.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa Uzalishaji