Gitaa la umeme: msiilaumu kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wapiga gitaa wa hapa Mbeya wanaorekodi chumbani. Wengi hununua adapta ya kuingiza jeki kubwa ya gitaa kwenye tundu dogo la laptopu, wakapata sauti iliyofifia kama imefunikwa blanketi, kisha wakaanza kutafuta kompyuta mpya. Hela hiyo inaenda pasipo na ugonjwa.

Pikapu za gitaa, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi (si zile zinazoshusha viazi Uyole), hutoa umeme mdogo na dhaifu. Zinahitaji mlango wenye ukinzani wa karibu megaomu 1, wakati tundu la maikrofoni la kompyuta huwa na kiloomu chache tu. Gitaa linaelemewa, na sauti za juu ndizo zinazotangulia kufa. Isitoshe, laptopu nyingi za sasa zina tundu moja la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja, na jeki ya gitaa haiifikii sehemu ya maikrofoni ipasavyo. Hata ikifika, Windows inaweza kuwa imewashiwa kichuja kelele, nacho hudhani noti ndefu inayofifia ni kelele na kuimeza katikati.

Kinachotakiwa ni saundikadi ya nje ya USB, hata ya tundu moja, ilimradi ina swichi au tundu lililoandikwa INST au Hi-Z, yaani mlango wa gitaa wenye ukinzani mkubwa. Swichi hiyo isipowashwa, mnarudi kwenye blanketi lile lile. Kwenye programu ya kurekodia, iwe Reaper au Audacity, chagueni mono na namba ya tundu mlilochomeka. Mkiacha stirio, gitaa litasikika sikio moja.

Geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inapoingia kwenye kadi, ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Pigeni kwa nguvu ile ile mtakayotumia kwenye wimbo, si kwa kugusagusa, na vilele vifike kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya programu. Taa nyekundu maana yake kichwa cha wimbi kimekatwa, na mkato huo haurudishiki ukawa kama mwanzo. Mkirekodi kwa biti 24 hakuna sababu ya kuikaribia sifuri.

Sauti ikichelewa kufika masikioni, tazameni bafa, yaani fungu la sampuli za sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia. Sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21 kabla ya kuhesabu mengine, na hapo solo haikai kwenye ngoma. Shusheni hadi 128, karibu milisekunde 3, na mwenye Windows atumie draiva ya ASIO (ile inayopunguza uchelewaji) iliyotengenezwa kwa kadi yake. Kompyuta ikianza kukwaruza, pandisheni hadi 256. Wakati wa kuchanganya sauti, bafa iwe kubwa tu. Mkisikia gitaa mara mbili, zimeni kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kwenye kadi.

Rekodini gitaa kavu, yaani bila madoido yoyote, kisha amplifaya ya programu iwekwe juu yake, ili baadaye muweze kubadili mawazo. Lakini msisahau kuweka na spika ya programu. Spika halisi ya gitaa hukata sehemu kubwa ya sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi. Bila kuiga mkato huo, distoshani inalia kama nyuki ndani ya debe. Na rithimu ya kushoto na kulia ipigwe mara mbili kwa mkono, kwani kunakili huongeza ukubwa wa sauti tu.

Mvumo wa chini ni umeme wetu wa hezi 50. Geukeni mbali na skrini, sogezeni chaja, au rekodini kwa betri, ambayo pia itawaokoa umeme ukikatika katikati ya solo. Msikate kamwe pini ya ethi ili kuua mvumo, maana nyuzi za gitaa ni chuma na mkono uko juu yake. Vilevile tundu la spika la amplifaya lisiunganishwe na kadi: umeme wake ni wa kusukuma spika na utaiunguza.

Wenye amplifaya na maikrofoni waiweke maikrofoni sentimita 3 hadi 5 kutoka kitambaa cha spika, kando kidogo ya katikati ikiwa sauti ni kali. Ila masika haya, chini ya bati, njia ya waya ndiyo pekee isiyorekodi mvua.

Fundi sauti,
Mwanjelwa, Mbeya