Kodi ya mwajiri ikipanda, saa za huduma ndizo zinazokatwa

Mheshimiwa Mhariri,

Serikali inapopandisha kodi ya mishahara inayolipwa na mwajiri, vichwa vya habari hung'ang'ania asilimia. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza. Tarehe 30 Oktoba 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2025 mchango wa mwajiri kwenye Bima ya Taifa, ambao ndio kodi yenyewe, utatoka asilimia 13.8 kwenda 15, na mjadala mwingi ukaishia hapo. Namba iliyouma zaidi ilikuwa kwenye mstari wa pili: kiwango cha mshahara ambacho mwajiri huanzia kutozwa kilishushwa kutoka pauni 9,100 kwa mwaka hadi pauni 5,000. Ukiuruka mstari huo, hutaelewa kwa nini kilio kikubwa kilitoka kwa walezi wa wazee, madaktari wa familia na wapishi wa shule, na si kwa mabenki.

Hesabu yenyewe ni rahisi: toa kiwango cha kuanzia kwenye mshahara, kinachobaki zidisha kwa asilimia. Mfanyakazi wa pauni 40,000 alikuwa akimgharimu mwajiri wake pauni 4,264 za mchango. Sasa ni 5,250. Nyongeza ni pauni 986, yaani karibu asilimia 2.5 ya mshahara wake. Wa pauni 23,000 ametoka 1,918 hadi 2,700. Hapo nyongeza ni asilimia 3.4. Sasa mchukue mama anayegawa chakula shuleni kwa saa chache, analipwa pauni 9,000 kwa mwaka. Zamani alikuwa chini ya kiwango, mwajiri halipi hata senti. Sasa analipa pauni 600, karibu asilimia 6.7 ya mshahara. Mpaka ufike kwenye kile kiwango cha zamani cha pauni 9,100, kadiri mshahara ulivyo mdogo, ndivyo nyongeza inavyozidi kuwa nzito ukiilinganisha na mshahara wenyewe.

Na ukigawa kazi moja ya pauni 23,000 kwa watu wawili, kila mmoja pauni 11,500, nyongeza ya pauni 782 inageuka pauni 1,288. Huduma za jamii zimejaa kazi za namna hii. Mlezi wa zamu ya asubuhi, msafishaji wa zahanati, msaidizi wa darasa, mpokezi wa zamu ya jioni: hawa wameajiriwa kwa saa chache kwa sababu huduma yenyewe inahitajika kwa saa chache. Wazee huamshwa na kuogeshwa asubuhi, hulazwa usiku. Katikati hakuna kazi ya kumjaza mtu siku nzima. Kwa hiyo ushauri wa kuunganisha ajira ili kuokoa kodi unaleta maana ofisini tu.

Sasa tutazame saa moja ya huduma ya nyumbani, maana hapo ndipo mambo yanapokwama. Halmashauri za Uingereza hununua huduma hiyo kwa saa kutoka kwa kampuni na mashirika binafsi. Mlezi anafanya saa 30 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho nacho kilipanda Aprili hiyohiyo, kutoka pauni 11.44 hadi 12.21 kwa saa. Mshahara wake wa mwaka umetoka 17,846 hadi 19,048. Mchango wa mwajiri umetoka 1,207 hadi 2,107. Gawanya nyongeza hiyo ya pauni 900 kwa saa 1,560 za mwaka, unapata peni 58 kwa saa. Ongeza peni 77 za kima cha chini, jumla pauni 1.35, na hapo hatujagusa likizo wala pensheni.

Lakini halmashauri hailipii saa zote 30. Mlezi akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, muda huo ni wa kazi na analipwa, ila kwenye ankara kwa kawaida huandikwa zile saa alizokaa na mgonjwa. Tuseme saa zinazolipiwa ni 24. Ile pauni 1.35 inakuwa pauni 1.68 kwa kila saa inayouzwa. Mtoa huduma aliyeomba nyongeza ya 1.35 kwenye zabuni amejikata mwenyewe, na kosa hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu anayejaza fomu ya bei hagawanyi kwa saa sahihi.

Mwajiri wa kawaida akiongezewa kodi ana pa kupumulia. Anapandisha bei, au anabana nyongeza ya mishahara, au anapunguza faida. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ya Uingereza, chombo huru kinachopima hesabu za serikali, yenyewe ilikadiria kwamba baada ya mwaka wa kwanza takriban robo tatu ya mzigo ingeishia kwa wafanyakazi, kupitia mishahara iliyodumaa na bei zilizopanda. Mtoa huduma za jamii hana njia hizo. Bei inapangwa na halmashauri. Mshahara uko kwenye kima cha chini, kuushusha ni kuvunja sheria. Faida kwa wengi ni nyembamba, na kwa mashirika ya hisani haipo kabisa. Kinachobaki kuchezewa ni saa zenyewe. Ziara ya dakika 30 inakuwa ya dakika 15. Nafasi iliyoachwa wazi haijazwi. Mkataba wa kijiji cha mbali unarudishwa kwa sababu safari zinakula saa. Hakuna anayetangaza kwamba huduma imekatwa, na takwimu za watu kufukuzwa kazi hazitaonyesha kitu.

Serikali itajibu kwamba ilitoa fidia, na kweli ilitoa. Kwa mwaka 2025/26 ilitenga pauni bilioni 4.7 kufidia waajiri wa sekta ya umma. Swali ni nani aliyeingizwa kwenye neno hilo "umma". Hospitali za serikali, wizara na shule ziliingia. Kliniki za madaktari wa familia, ambazo kisheria ni biashara binafsi zenye mkataba na huduma ya afya ya taifa, hazikuingia. Wala maduka ya dawa, nyumba za kulea wazee, wala vituo vya tiba shufaa vinavyowahudumia wagonjwa wa mwisho wa maisha. Mwananchi anayeingia kliniki haoni tofauti yoyote. Kwake yote ni serikali.

Ipo pia nafuu ya ajira kwa waajiri wadogo, iliyopandishwa kutoka pauni 5,000 hadi 10,500 kwa mwaka. Kwa mwenye wafanyakazi watatu au wanne ni neema, huenda asilipe kitu. Lakini kanuni yake inamzuia mwajiri ambaye zaidi ya nusu ya kazi yake ni ya sekta ya umma, isipokuwa awe shirika la hisani. Kliniki ya daktari wa familia inanaswa pande zote mbili: ni binafsi mno kupata fidia, ni ya umma mno kupata nafuu. Kichekesho hiki hakikuhitaji mtaalamu kukiona, kilikuwa wazi kwenye maandishi tangu siku ya kwanza. Februari 2025 mkataba wa madaktari hao uliongezwa pauni milioni 889, kiasi kizuri, ila kilipaswa kubeba kila kitu: mishahara, mfumuko wa bei na kodi kwa pamoja. Bunge la juu lilipitisha marekebisho ya kuziondoa huduma hizi kwenye ongezeko. Machi 2025 bunge la chini likayakataa.

Hata walioingizwa kwenye fidia hawakufidiwa sawa, na hapa fomula ndiyo yenye lawama. Ruzuku ya shule kwa sehemu kubwa iligawanywa kwa kichwa cha mwanafunzi. Kodi haihesabu wanafunzi, inahesabu wafanyakazi na mishahara yao. Shule yenye wasaidizi wengi wa saa chache, mathalani kwa sababu ina watoto wengi wenye ulemavu, inalipa zaidi ya inavyorudishiwa. Jirani yake mwenye walimu wachache na madarasa makubwa anapona. Scotland nayo ilipewa pauni milioni 339, wakati serikali yake ilikadiria gharama kwa huduma za umma kuwa zaidi ya milioni 700 ukijumlisha na wakandarasi. Sehemu ya sababu ni kwamba mgao ulifuata idadi ya watu, wakati Scotland ina watumishi wa umma wengi zaidi kwa uwiano.

Kwa halmashauri za England, Desemba 2024 ilitajwa fidia ya pauni milioni 515. Umoja wa halmashauri ulikadiria nyongeza kwa watumishi wao wenyewe kuwa milioni 637, na kwa huduma wanazonunua kwa wakandarasi hadi bilioni 1.13. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Huduma iliyokabidhiwa kwa mzabuni bado inalipiwa na halmashauri, lakini kodi yake haimo kwenye orodha ya mishahara ya halmashauri, kwa hiyo kwenye hesabu ya fidia haionekani.

Vituo vya tiba shufaa viliahidiwa pauni milioni 100, lakini za majengo na vifaa. Mkuu wa kituo anaweza kununua vitanda vipya kwa fedha hizo. Hawezi kumlipa muuguzi wa zamu ya usiku, achilia mbali kodi yake.

Sisemi kodi hii haina haki. Hazina inahitaji fedha, na kodi ya mishahara hukusanywa kwa urahisi: mwajiri anaijaza mwenyewe kila mwezi, hakuna wa kufukuzana naye. Ndiyo maana mawaziri huipenda. Uingereza iliongeza asilimia moja mwaka 2003 kwa ajili ya huduma ya afya, ikaongeza 1.25 Aprili 2022 kwa jina la afya na uangalizi wa wazee, kisha ikaifuta hiyo ya pili Novemba mwaka huohuo. Tatizo ni kwamba huduma za jamii ni mishahara mitupu. Kiwanda kina mashine, duka lina bidhaa. Nyumba ya wazee ina watu wanaowaogesha watu. Kodi inayotozwa kwa kila kichwa cha kazi itamkuta mwajiri huyu kwanza.

Kwa wanaotunga kodi kama hii, popote walipo, hesabu zifanywe kabla ya hotuba ya bajeti. Kila wizara ipewe siku 30 kukusanya orodha ya mishahara ya wakandarasi wake wakubwa, ikionyesha idadi ya watu walio chini ya kiwango kipya cha kuanzia, walio kati ya kipya na cha zamani, na walio juu ya cha zamani. Kundi la kati ndilo litakalotoa bili ya kushtua. Fidia ifuate orodha hiyo, isifuate idadi ya wanafunzi wala ya wakazi. Na kama lazima kiwango kishushwe, kishushwe kwa hatua za miaka mitatu; au asilimia ipande zaidi na kiwango kiachwe palepale. Njia hiyo itawagusa zaidi wenye mishahara mikubwa, na kelele zake zitakuwa kubwa zaidi, kwa sababu wenye mishahara mikubwa wanajua kupiga kelele.

Kwa upande wa mikataba, kifungu cha kurekebisha bei kinachofuata mfumuko wa bei peke yake hakitoshi. Kipimo cha bei za bidhaa madukani hakihesabu kodi ya mwajiri, hivyo mkataba wa miaka mitatu uliosainiwa kabla ya bajeti unamfunga mtoa huduma kwa bei ya dunia iliyopita. Kiandikwe kifungu cha pili: sheria ikibadilisha asilimia au kiwango cha kuanzia cha mchango wa mwajiri, bei ya saa itakokotolewa upya kuanzia siku sheria inapoanza kutumika, kwa orodha halisi ya mishahara iliyokaguliwa, ikigawanywa kwa saa zinazolipiwa na si saa zinazofanywa. Kodi ikishuka, bei ishuke kwa fomula ileile.

Wenu katika hesabu,
Mfuatiliaji wa bajeti za huduma za jamii