Ua wa saruji hauoti mchicha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wakazi wenzangu wa Tanga kwamba ua uliosakafiwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, ingawa hufagilika kwa urahisi, umetunyima mboga ambazo mama zetu walizichuma hatua chache tu kutoka jikoni.

Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki 3 au 4, na matembele hayana hata haja ya mbegu. Kichanga chetu cha pwani hakishiki maji wala rutuba, kwa hiyo kinahitaji samadi iliyooza vyema, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Asiye na ardhi atumie viroba, au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini.

Mchaichai, mrehani na mshubiri haihitaji uangalizi mkubwa. Mwarobaini nina neno nao: majani yake yakitwangwa na kulowekwa usiku kucha hutoa maji yanayofukuza wadudu wa mboga, lakini nasikitika kuona majirani wakiwanywesha watoto wenye homa badala ya kuwapeleka kupimwa malaria. Mjamzito naye asiyanywe.

Mkoa huu una bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 chini ya Wajerumani. Sioni kwa nini maofisa ugani wa jiji wasigawe miche mitaani kabla ya masika kuanza.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga