Nywila ya Windows haimzuii mwizi kusoma diski yako

Nywila unayoandika kompyuta inapowaka inalinda mlango wa Windows tu. Faili zenyewe haizigusi. Diski za laptopu nyingi hutoka kwa kufungua skrubu chache. Ikitiwa kwenye kasha la USB na kuchomekwa kwenye mashine nyingine, ni Windows ya mashine hiyo inayofanya kazi, na haina habari na nywila yako. Itatoa onyo kwamba mtu huyo hana ruhusa ya kufungua folda yako, atabofya kuendelea, nayo itafunguka. Mikataba, nakala za vitambulisho, hesabu za duka, vyote vinasomeka. Kama unatumia kivinjari cha Firefox bila nywila kuu (ile inayofunga nywila zilizohifadhiwa humo), hata nywila za tovuti ulizohifadhi humo hupatikana kwa kunakili faili mbili: logins.json na key4.db.

Kinachozuia haya ni kuisimba diski nzima, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Windows Pro ina programu ya kusimba iitwayo BitLocker. Windows Home, kwenye mashine nyingi za karibuni, ina usimbaji wa kifaa, ambao ni mwepesi zaidi lakini unafaa. Kujua kama umewashwa, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -status C: kisha bonyeza Enter. Ukiona Protection On, diski imelindwa.

Kabla ya kuwasha BitLocker, weka nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje na uchomeke chaja. Itakuuliza usimbe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Mashine mpya kabisa, nafasi iliyotumika inatosha. Iliyokwisha kutumika, chagua diski nzima hata kama itachukua saa kadhaa, kwa sababu faili ulizofuta bado zinaweza kuwemo kwenye nafasi inayoonekana tupu.

Wengi huumia kwenye ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Ukibadilisha bodi mama, ukisasisha BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) au hata ukigusa mipangilio yake, kompyuta inaweza kuudai kabla ya kuwaka. Ukiwa huna, sisi mafundi hatuna njia ya kukutolea data, na tunakusihi usimlipe anayekuahidi hivyo. Uchapishe nakala mbili, moja nyumbani na moja kazini, wala isikae kwenye mkoba mmoja na laptopu. Kwa Windows Home, ufunguo huo hutunzwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwa hiyo akaunti hiyo iwe na nywila ndefu usiyoitumia popote pengine, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Jambo jingine: kufunika laptopu si kuizima. Ikiwa imelala, diski bado imefunguliwa. Unaposafiri, izime kabisa.

Ukituletea mashine ya kutengeneza, hakikisha ufunguo unao, lakini nywila usiibandike chini ya laptopu. Kubadilisha kioo, kibodi au RAM hakuhitaji nywila. Kazi ikiihitaji, njoo uiandike mwenyewe, na ukishachukua mashine yako uibadilishe siku hiyohiyo.